UZI: Mama kuingia rihabu ya kulazwa moja kwa moja kutoka nyumbani. Ni kweli lazima alale hospitali siku 3 kwanza?

#1 MwanaPangani

Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada wa mawazo, hasa kwenu mlioko Marekani mnaofanya kazi hospitali na nasingi homu, zile nyumba za kutunzia wazee na wagonjwa. Najua humu mmejaa.

Mama yangu ana miaka 69, tunaishi naye hapa Dallas. Ana Parkinson, ule ugonjwa wa mwili kutetemeka na kukakamaa, tangu 2019. Muda wote huo alikuwa anajimudu: anapika, anakwenda kanisani, anabishana na mimi. Kuanzia Machi 2025 mambo yamegeuka. Akifika mlangoni miguu inaganda kama imepigiliwa misumari. Ameanguka mara 5 ndani ya wiki 6. Chai inampalia. Kuvaa gauni peke yake ni nusu saa, na mwisho anamwita mke wangu.

Emajensi tumekwenda mara 2. Wanampiga picha, hakuna mfupa uliovunjika, tunarudishwa usiku uleule na karatasi yenye ushauri wa kuondoa mazulia. Mtu mmoja wa kaunta akaninong'oneza kwamba Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, hailipi rihabu (tiba ya mazoezi ya kumrudishia mgonjwa uwezo) mpaka mgonjwa alazwe siku 3, kwa hiyo "akianguka tena, ng'ang'ania wamlaze". Yaani nikae nasubiri mama avunjike nyonga ndipo apate tiba?

Halafu kuna hili. Mama mwenyewe amefanya kazi nasingi homu miaka 14, hapahapa. Ukimtajia nasingi homu anajibu, "Vitanda vile nimevitandika mimi, sitavilalia."

#2 Shangazi_Kibosho

Pole sana mwanangu. Mpe mama salamu. Hilo la siku 3 nimelisikia miaka yote, ngoja wajuzi waje.

#3 Ngao

Mkuu, siku 3 ni lazima, asikudanganye mtu. Mama mkwe wangu alilala hospitali usiku 2, akapelekwa nasingi homu kufanya mazoezi, bili ikaja yote kwetu. Tulipouliza tukaambiwa zile siku zilikuwa za "uangalizi", hazihesabiwi. Mng'ang'anie wamlaze.

#4 BwanaMizani

Ngao, pole kwa bili, lakini unachanganya vitu viwili, na aliyekuwa kaunta kachanganya vilevile. Nafanya kazi upande wa malipo hospitali, mwaka wa 11 sasa.

Sheria ya siku 3 ipo, ni ya Medicare ya serikali, na inahusu nasingi homu yenye wauguzi na mazoezi. Mgonjwa awe amelazwa rasmi siku 3 mfululizo. Siku ya kuingia inahesabiwa, siku ya kutoka haihesabiwi, na saa za uangalizi hazihesabiwi hata ukilala kitanda kilekile, ukala chakula kilekile na kuvaa kitambulisho kilekile mkononi. Ndicho kilichomkuta mama mkwe wako. Wakati wa korona sharti hilo lilisimamishwa, likarudi Mei 2023, na watu wengi waliumia pale.

Hospitali ya rihabu ni kitu kingine kabisa. Inahesabiwa kuwa hospitali. Haina sharti la siku 3, wala 2, wala saa moja. Mgonjwa anaweza kutoka kitandani kwake nyumbani, akapanda gari la mwanawe, akapokelewa. Sharti liko kwenye hali ya mgonjwa, si alikotoka.

Tatizo ni kwamba huku mitaani vyote tunaviita rihabu. Mtu akisema "mzee yuko rihabu" muulize kwanza: anamwona daktari mara ngapi kwa wiki? Akikujibu "mara moja tangu afike", hiyo ni nasingi homu.

#5 MwanaPangani

Asante sana mkuu. Sasa hayo masharti ya hali ya mgonjwa ni yapi? Maana mama hajapata kiharusi wala ajali. Amedidimia tu.

#6 Fizio_Moshi

Nilisomea fiziotherapia KCMC, sasa niko hospitali ya rihabu jimbo la Georgia, kwa hiyo hapa naongea kazi yangu. Nyumbani siku hizi Wizara inaita huduma za utengamao, neno zuri, ila nikiliandika hapa nusu yenu mtapita tu, basi rihabu.

Kaka, "amedidimia tu" ndilo neno la kufuta kabisa mdomoni mwako. Nitarudi hapo.

Ili Medicare ikubali, siku ya kuingia lazima ionekane mambo haya. Anahitaji tiba za aina mbili au zaidi, na mojawapo iwe fiziotherapia au tiba kazi, yaani kujifunza upya kuvaa, kuoga, kupika. Mama yako kwa maelezo yako anahitaji hizo mbili pamoja na tiba ya usemi, kwa sababu kupaliwa ni kazi ya watu wa usemi, wengi hawajui. Anaweza kufaidika na mazoezi makali, ambayo kwa kawaida ni saa 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Akiwa mtu wa kuchoka haraka, zinaweza kupangwa saa 15 ndani ya siku 7. Inatarajiwa atapata nafuu inayopimika katika muda unaoeleweka. Na anahitaji kuonwa na daktari wa utengamao ana kwa ana angalau siku 3 kwa wiki. Haya yote yako kwenye kanuni ya serikali namba 42 CFR 412.622. Iandike mahali, utakuja kuihitaji.

Kuhusu nafuu, watu wanadhani Parkinson ikishakupata basi, hakuna nafuu ya kuonyesha. Mwongozo wa Medicare unasema mgonjwa hahitaji kutarajiwa kujitegemea kabisa, wala kurudi alivyokuwa zamani. Inatosha apige hatua inayopimika. Kutoka kuinuliwa na watu wawili hadi kuinuliwa na mmoja ni hatua. Muulize mkeo kama si hatua.

Utasikia pia habari ya magonjwa 13 na asilimia 60. Hiyo ni kanuni ya hospitali: katika wagonjwa wake, asilimia 60 wawe na mojawapo ya magonjwa 13 yaliyoorodheshwa. Haimkatazi mgonjwa yeyote mmoja. Hata hivyo Parkinson imo kwenye orodha, pamoja na kiharusi, kuumia uti wa mgongo, kukatwa kiungo, kuvunjika nyonga na mengineyo. Kwa hiyo mama yako ni mgonjwa anayetakiwa, si wa kuombewa.

Sasa njia yenyewe. Usianzie emajensi. Anzia kwa daktari wake wa mishipa ya fahamu, aandike rufaa kwenda hospitali ya rihabu. Wewe mwenyewe piga simu hospitali ya rihabu, omba watu wa mapokezi ya wagonjwa wapya. Swali la kwanza watakalokuuliza ni "yuko hospitali gani?", kwa sababu wamezoea kupokea watu kutoka hospitali. Usikate simu. Sema: yuko nyumbani, naomba apokelewe kutoka nyumbani. Akikuambia haiwezekani, omba msimamizi.

Wakikubali kumwangalia, mtaalamu wao atafanya tathmini ndani ya saa 48 kabla ya kumpokea. Ikifanyika mapema zaidi, inabidi ihuishwe ndani ya hizo saa 48. Atauliza alikuwaje zamani, yukoje sasa, mnatarajia afike wapi, kwa muda gani, ana hatari zipi, na atarudi kwa nani akitoka. Hilo la mwisho msijibu "tutapanga". Mpange kabla ya simu. Kisha daktari wa utengamao anaisoma na kukubali kwa saini kabla mama hajavuka mlango.

Na hapo ndipo "amedidimia tu" inapoua. Andika tarehe. Kila alipoanguka, wapi, saa ngapi, nani alimwinua. Februari alikuwa anapika, Mei anashindwa kufunga kifungo. Anayesoma faili hamwoni mama, anaona karatasi.

#7 Kivu_Ohio

Ndugu yangu pole sana. Kiswahili yangu ni ya Bukavu, mtanisamehe. Baba yangu walimukubali kutoka nyumba hivi hivi, mwaka jana, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Hatukupita hospitali hata siku moja. Ila nilipiga simu pahali tano, ya tano ndiyo ilisema ndiyo. Usichoke.

#8 MamaTatu

Mimi ni Mkenya, niko nasingi homu hapa Texas, shifti ya usiku. Naomba nisiachwe nyuma, kwani nasingi homu zote ni mbaya? Kwetu tunao waliotembea wakaenda zao. Ila ni kweli, mazoezi ya kwetu hayafikii saa 3 na daktari humwoni kila siku. Mama akiwa na nguvu ya kubeba saa 3, mpeleke hospitali ya rihabu. Akiwa hana, mtampeleka huko alie.

Swali moja tu: mama ana Medicare ya serikali ama ile ya kampuni?

#9 MwanaPangani

Dada MamaTatu umenigusa pabaya. Nimeangalia kadi. Ni Medicare Advantage, ya kampuni. Kuna kijana alikuja kanisani, akawaambia akina mama watapewa meno, miwani na kadi ya kununulia mboga. Walijiandikisha safu nzima ya kwaya.

#10 BwanaMizani

Haya. Kwaya nzima.

Kwa Medicare ya serikali, hospitali ya rihabu ingempokea bila kuomba ruhusa kwa mtu. Angelipa kiasi cha mwanzo cha kulazwa, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 1,676, kisha siku 60 za kwanza halipi kingine cha kitanda. Anayetoka hospitali ya kawaida mara nyingi kiasi hicho ameshakilipa kulekule, hakirudiwi. Anayetoka nyumbani kinamwangukia palepale rihabu, isipokuwa kama ana bima ya nyongeza inayokilipa. Wengi hushtuka, wakadhani wameibiwa.

Kwa Advantage ada zinatofautiana, soma kitabu chenu. Kuna jambo moja zuri: kampuni nyingi zimeondoa sharti la siku 3 hata kwa nasingi homu. Lakini lazima kibali cha awali, na hapo ndipo watu hufia njiani. Jibu lao la kawaida: "mgonjwa anaweza kuhudumiwa mahali pa chini yake", maana yake nasingi homu au mtu wa mazoezi aje nyumbani mara 2 kwa wiki.

Jambo la kushikilia: kuanzia Januari 2024 kampuni hizi zinatakiwa kufuata masharti yaleyale ya Medicare ya serikali ya kuingia hospitali ya rihabu. Hawaruhusiwi kutunga ya kwao. Ile namba ya Fizio_Moshi inatajwa humo. Ombeni jibu la haraka, la saa 72, na daktari aandike kwamba kungoja kutahatarisha afya yake.

#11 Ngao

Nimeelewa. Nafuta kauli ya #3. Miaka yote nimewashauri watu vibaya.

#12 MwanaPangani

Mrejesho, siku 9 baadaye. Si mzuri.

Daktari alitoa rufaa. Hospitali ya rihabu ya pili niliyopiga ikakubali kumwangalia. Kampuni ya bima imekataa. Wanasema kumbukumbu zinaonyesha "mgonjwa anaripoti anaendelea vizuri, hana malalamiko".

Nimeomba kumbukumbu zote. Wakuu, nimecheka nikalia. Kila ukurasa, mtaalamu anamuuliza mama unaendeleaje, na mama anajibu vizuri, namshukuru Mungu. Kila ukurasa! Ameanguka jana yake chooni, mke wangu kamwinua, kesho yake anamwambia daktari hajambo.

#13 Shangazi_Kibosho

Sasa alitakaje ajibu? Mtu akikuuliza hujambo unaanza kumhesabia mifupa? Sisi tumelelewa, hata ukiwa unakata roho ni sijambo kwanza, maradhi baadaye.

#14 Fizio_Moshi

Shangazi, ndiyo hasa. Kwetu "sijambo" ni kufungua mlango, mazungumzo yanafuata. Hapa yule anayeuliza ana dakika 15 na kompyuta, akishasikia jibu la kwanza ameandika na mlango umefungwa. Wazee wetu naona hilo kila mwezi. Siku hizi akija mama wa Kiswahili mimi humwamkia kabisa, shikamoo, habari za nyumbani, habari za watoto, zikiisha ndipo nauliza "na ile miguu?" Hapo anafunguka hadi unatafuta kiti.

MwanaPangani, usikubali jibu. Fanya hivi, na fanya leo. Mwombe daktari wa rihabu apige simu azungumze na daktari wa kampuni, daktari kwa daktari. Kampuni nyingi hutoa nafasi hiyo, ila dirisha lake ni fupi. Wakati huohuo kata rufaa ya haraka, nayo ina saa 72. Wakishikilia kukataa, faili lazima wenyewe walipeleke kwa mpimaji wa nje.

Na mama apimwe upya, kwa vipimo vyenye namba. Kuinuka kitini, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi kukaa: sekunde ngapi? Namba haijui kusema sijambo.

#15 Mchokozi

Lugha yetu nayo. Daktari anakupa rufaa, bima inaikataa rufaa, halafu unakata rufaa kupinga kukataliwa kwa rufaa.

#16 BwanaMizani

😂 Na bado hajafika.

Ongeza mambo mawili. Kwenye barua, daktari ajibu sababu yao moja kwa moja: kwa nini mahali pa chini hapatoshi. Kwa Parkinson sababu mara nyingi ni dawa. Levodopa ikibadilishwa kiasi au saa, lazima daktari aone inavyofanya kazi mwilini wakati wa mazoezi, siku kwa siku. Mtu wa kuja nyumbani mara 2 kwa wiki hawezi hilo. Presha ikishuka akisimama, nayo iandikwe.

Pili, kila jimbo lina washauri wa Medicare wa bure, wanaitwa SHIP. Piga 1-800-MEDICARE uombe namba yao, na mkalimani ni bure. Huko ndiko kwaya ilipaswa kwenda kabla ya kusaini. Kuanzia Oktoba 15 hadi Desemba 7 mama anaweza kubadili arudi ya serikali. Ila angalizo: bima ya nyongeza, majimbo mengi, wanaweza kumuuliza afya yake na kumkataa. Asiruke kabla ya kuuliza.

#17 Kivu_Ohio

Na muandike kila jina ya mutu muliongea naye kwa simu, na saa. Mimi nilikuwa na daftari. Siku ile walisema "hatukupata karatasi", nikawasomea daftari.

#18 Mgeni_Kinondoni

Nawasoma kutoka Dar. Huku kwetu kuna kitu kama hicho, kulazwa kwa ajili ya mazoezi tu?

#19 Fizio_Moshi

Kipo kwa sehemu. Hospitali ya CCBRT hapo Msasani wanatoa utengamao, KCMC wana idara kubwa. Lakini wengi huja kutwa wakarudi nyumbani. Kenya wana hospitali ya rufaa ya majeruhi wa uti wa mgongo pale Nairobi, ile ni ya kulazwa. Fungua uzi wako mkuu, ni mada yake.

#20 MwanaPangani

Wakuu, mrejesho mkubwa. Samahani kwa kimya.

Simu ya daktari kwa daktari haikusaidia. Yule wa kampuni alikuwa na haraka. Rufaa ndiyo iliyotoboa. Tulipeleka vipimo vipya, barua ya daktari wa mishipa ya fahamu iliyotaja kanuni kwa namba, na orodha ya kuanguka niliyoandika kama alivyoelekeza Fizio_Moshi. Zimefika mara 7 sasa. Siku ya pili jioni wakapiga: imekubaliwa siku 7, kisha wataangalia tena.

Tathmini ilikuwa imepitwa na zile saa 48, kwa hiyo dada wa mapokezi alipiga tena asubuhi kuihuisha. Akamuuliza mama, "Unaendeleaje?" Mimi nimesimama nyuma ya kochi nimeshika pumzi. Mama akasema, "Sijambo." Akanyamaza. Akaniangalia. "Lakini siwezi kwenda chooni peke yangu." Nadhani ni mara ya kwanza amelisema kwa sauti.

Nilimpeleka kwa gari langu. Walituambia tubebe nguo za kawaida za mazoezi, viatu vya kufunga na orodha ya dawa pamoja na saa zake. Hilo la saa nililikazia mpaka wakanichoka, maana levodopa ikichelewa mama anakuwa jiwe. Siku ya pili tu mazoezi yalikuwa yameanza. Kila wiki timu inakaa, daktari, wauguzi, watu wa mazoezi, wanatuambia amefika wapi.

Kampuni iliongeza siku mara 2, na kila mara tulikaa roho juu. Jumla amelala usiku 16. Aliingia akiinuliwa na watu wawili, ametoka na kigari cha kutembelea na mtu mmoja pembeni. Mlangoni wamemfundisha kuhesabu na kunyanyua goti kana kwamba anavuka mtaro. Chai sasa inakorogewa unga wa kuifanya nzito, anaichukia, lakini haimpalii.

Mtu wa tiba kazi alimpeleka kwenye jiko lao la mazoezi, akamwambia apike anachopika nyumbani. Mama kaomba unga wa ugali. Wakamletea wa mahindi, ule laini wa kuokea mikate. Aliwahutubia dakika 10 akiwa amesimama, na yule dada anaandika: amesimama dakika 10 bila kushika meza.

#21 MamaTatu

Weeeh! Mpe mama hongera kutoka kwa wa shifti ya usiku. Na mke wako je? Walimfundisha kumwinua?

#22 MwanaPangani

Wametufundisha wote wawili, siku 2 kabla ya kutoka. Kumbe miezi yote nilikuwa namvuta mkono, karibu niutegue. Chooni tumeweka vyuma vya kushikilia. Sasa mtu wa mazoezi anakuja nyumbani mara 2 kwa wiki, jambo ambalo mwanzoni ndilo walitaka liwe tiba yote.

#23 Shangazi_Kibosho

Mungu ni mwema. Na kwaya?

#24 MwanaPangani

Mama anasema Oktoba atawaita wote nyumbani, BwanaMizani awapigie video.

#25 BwanaMizani

Nipo. Waje na kadi zao.

#26 Tindo

Nimesoma uzi wote, mzee wangu yuko hali hiyohiyo hapa Houston, kesho naanza kupiga simu. MwanaPangani, barua ya daktari ilikuwa kurasa ngapi?

#27 MwanaPangani

Moja na nusu. Orodha yangu ya kuanguka ilikuwa tatu.